Bwawa Lililokataa Rangi ya Kahawa

Mimi na mume wangu tunafunga taa ndani ya mabwawa ya kuogelea. Duka letu liko Gikondo, limebanwa na gereji kila upande, na mezani tumeweka karai kubwa la maji lenye taa ya LED ndani yake. Taa ile hubadilika polepole kutoka bluu kwenda zambarau, kisha nyekundu, kisha kijani. Watu wanaokuja kutengenezewa magari husimama kuitazama. Kuna aliyewahi kutuuliza kama ni dawa ya mgongo.

Mume wangu ndiye huzungumza na wateja wengi kwa sababu Kinyarwanda chake ni kizuri. Mimi nililelewa Ngara, upande wa Tanzania, na hadi leo Kinyarwanda changu kinachechemea. Kwa hiyo mteja yeyote anayejua Kiswahili huletwa kwangu, hata kama amefuata swichi tu.

Ndivyo nilivyoletewa daktari mmoja wa meno, mwanamke anayeishi Nyarutarama. Amekulia Kampala, anazungumza haraka, na hucheka kabla ya kumaliza sentensi. Miezi kadhaa nyuma tulikuwa tumemfungia taa za rangi katika bwawa la nyumbani kwake. Siku hiyo alikuja na kipande cha kitambaa, akakitandaza mezani kando ya karai.

"Binti yangu anaposwa," alisema. "Tunafanya gusaba, sherehe ya posa, nyumbani, hapo hapo kando ya bwawa. Wanawake wote wa familia wanavaa mishanana ya rangi hii. Nataka na maji yawe hivi."

Mshanana ni vazi la kujitanda begani, na kitambaa chake kilikuwa cha rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Nilikishika, nikakisifia, kisha nikamwambia ukweli. Taa zile zina rangi tatu tu ndani yake, nyekundu, kijani na bluu, na nyingine zote hutokana na kuzichanganya hizo. Rimoti yake ina rangi saba zilizopangwa kiwandani, na vitufe vya kuongeza au kupunguza kila moja ya zile tatu. Kahawia haimo, na hata ningekuwa na rimoti ya rangi elfu bado isingekuwamo.

"Kwa nini? Simu yangu inaonyesha kahawia kila siku."

Swali lilikuwa zuri. Nilimtazama mume wangu, naye akakuna kidevu. Daktari mwenyewe ndiye aliyetusaidia. Alitafuta picha ya kahawia kwenye simu, akatuomba tufunge mlango wa duka, akaikuza ile rangi mpaka ikajaa kioo kizima, kisha akaifunika kwa viganja vyake na kuchungulia kama mtu anayetazama ndani ya chungu.

"Njoo uone," aliniita.

Nilichungulia. Pale gizani, pasipo rangi nyingine ya kuilinganisha nayo, kahawia ilikuwa imegeuka kuwa rangi ya chungwa iliyofifia.

"Kumbe inatudanganya," alisema. "Ni chungwa lililochoka." Akacheka, akakunja kitambaa chake. "Basi nipe dhahabu. Dhahabu na kahawa zinaelewana."

Nilimwambia dhahabu nayo ina ukaidi wake, na kwamba ni bora tukaijaribu kwake jua likizama.

Jioni ya kesho yake nilikwenda Nyarutarama peke yangu, mume wangu akiwa na kazi Kicukiro. Bwawa lile ni zuri, refu kiasi, lenye vigae vya bluu iliyokolea. Vigae hivyo ndivyo vilivyotutesa. Nilipochanganya nyekundu na kijani ili nipate njano ya dhahabu, bluu ya vigae iliimeza nyekundu, na kilichobaki majini kilifanana na maji yaliyochemshiwa mchicha.

Daktari aliinama kuyatazama. "Wakwe wataogopa," alisema.

Simu yake ikaita, akaingia ndani. Nikabaki nikibonyeza rimoti, nikijaribu kupunguza kijani, ndipo mwanamke mzee akatoka kwenye veranda amejifunga kitenge kifuani, miguu peku. Alikuwa mama yake daktari, mukecuru, kama tunavyowaita wanawake wazee hapa kwa heshima. Magoti yake yalikuwa mabovu, na daktari alikuwa amenieleza kwamba kila jioni huketi kwenye ngazi za bwawa kuyalowesha.

Nilimsalimu kwa Kinyarwanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa Kiswahili.

"Wewe uko mtu wa Tanzania."

"Nimekulia huko, Mama."

"Mimi nilijifunza Kiswahili Mbarara, sokoni. Sasa sema, wewe ndiye uliweka hizi taa?"

"Ndiyo, Mama. Mimi na mume wangu."

"Hii bluu yenu inanifanya kipofu. Siku ingine nilikosa ngazi, nikakunywa maji kama ng'ombe."

Nikamuuliza kuhusu macho yake. Alikuwa na mtoto wa jicho, na upasuaji ulikuwa umepangwa kufanyika baada ya sherehe. Nilimpa rimoti, nikamwambia tutafute pamoja rangi anayoona nayo vizuri. Bluu na zambarau zilikuwa giza kwake. Nyekundu haikufika hata kwenye ngazi ya pili. Nyeupe ya taa zile, kwa kuwa ni mchanganyiko wa zile tatu, ilikuwa baridi na ya kibluu, na vigae vikaizidisha. Kijani alikiona.

"Lakini tazama mkono wangu," alisema akiutumbukiza. "Niko chura."

Kisha alitazama nyuma kuona kama binti yake anarudi, akasogea karibu yangu.

"Mwanangu, sitaki tu kuona ngazi. Nataka kuona mpaka ule upande mwingine. Niko najifunza kuogelea."

Mwalimu wake alikuwa yule mjukuu anayeposwa. Kila mama yake alipochelewa kazini, mjukuu alimshika bibi yake tumboni na kumtembeza majini, na sasa alikuwa ameanza kumwachia kidogo. Walikuwa wamekubaliana kwamba siku ya gusaba, wakwe wakishaondoka, bibi atavuka bwawa mbele ya familia. Binti yake daktari hakujua lolote.

"Angejua angenifunga kwenye kiti," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Mume wangu alinisikiliza akila, akasema dawa ni kuitoa taa moja ya rangi, ile iliyo karibu na ngazi, na kuweka mahali pake taa ya LED yenye nyeupe ya joto, nyeupe inayokaribia njano, kama balbu za zamani. Taa hiyo haibadiliki rangi kabisa. Inawaka au inazima. Tatizo lilikuwa kwamba haitaitii rimoti ya zile nyingine, kwa hiyo ingehitaji swichi yake yenyewe ukutani. Daktari tulimweleza kwa simu kwamba mama yake haoni ngazi, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa, naye akakubali papo hapo.

Kubadilisha taa ya bwawa hakuhitaji kumwaga maji. Unazima umeme kwenye transfoma, unaingia, unafungua skrubu, unaitoa taa kwenye tundu lake na kuipandisha juu, kwani waya wake huachwa mrefu kwa makusudi. Kwa kawaida mume wangu ndiye huingia majini nami hubaki nchi kavu na waya. Siku hiyo bega lilikuwa likimuuma, na maji ya upande wa ngazi yaliniishia kifuani, kwa hiyo nikaingia mimi. Niliushika ukingo kwa mkono mmoja muda wote, na kila skrubu ilinichukua muda mrefu.

Mukecuru alikuwa ameketi kwenye kiti akinitazama.

"Mbona unashika ukuta kama unaanguka?"

"Naogopa, Mama."

"Fundi wa bwawa hajui kuogelea?"

Mume wangu alicheka mpaka akaweka chini bisibisi. Mukecuru hakucheka. Alijifungua kitenge. Ndani alikuwa amevaa nguo ya kuogelea ya mjukuu wake, nyeusi yenye maua ya waridi. Akateremka ngazi taratibu, akanijia.

"Acha hiyo taa kwanza. Lala hapa juu ya mkono wangu. Kichwa weka nyuma. Usipigane na maji, hayana shida na wewe."

Nikalala juu ya mkono wa mwanamke aliyenizidi umri kwa kiasi cha mama yangu mzazi. Masikio yalizama, kelele zote zikakatika, nikawa naona mawingu tu. Nilipoinuka nilikuta ameondoa mkono zamani, na mume wangu amesimama ukingoni ameacha kucheka.

Baada ya hapo nilipata sababu nyingi za kurudi Nyarutarama. Mara kukagua swichi, mara kusafisha kioo cha taa. Tukawa wanafunzi wawili wa mwalimu mmoja. Yule mjukuu alikuwa mkali na hakubagua. Bibi alinizidi kuvuta pumzi, mimi nilimzidi kupiga miguu. Taa mpya ilipowashwa jioni ya kwanza, sakafu yote ya upande wa ngazi ilionekana wazi, kila kigae na mstari wake. Mukecuru alisimama kwenye ngazi ya mwisho akitazama vidole vyake vya miguu.

"Kucha zangu ni ndefu hivi na hakuna mtu amesema," alisema.

Suala la dhahabu nalo likapata ufumbuzi wake. Nyekundu ilipoongezwa sana na kijani kikabaki kidogo, na bluu ikazimwa kabisa, tulipata rangi ya chungwa iliyoiva, na tulipoipunguza mwanga ikatulia. Daktari alileta tena kile kitambaa, akakishika juu ya maji.

"Hii bado si kahawa," alisema.

"Ni chai ya rangi," nikamwambia.

Alikikunja kitambaa chake. "Wakwe wetu wanakunywa chai. Iwe hiyo."

Siku ya sherehe tulialikwa, mimi na mume wangu, kwa sababu ya taa na kwa sababu nyingine ambayo daktari hakuijua. Mchana mvua ilinyesha kwa nguvu, ikapiga mahema, wageni wakasogeza viti katikati. Ikakatika kabla wazee wa pande mbili hawajamaliza kutaniana na kujibizana, na maneno yakaisha kwa vigelegele. Jioni ilipoanza kuingia nikawasha taa. Bwawa lilitulia katika rangi yake ya chai, na wanawake waliovaa mishanana ya kahawa walipiga picha kando yake. Kwenye picha zile, kwa namna ambayo sijaielewa, maji yalitoka dhahabu safi. Daktari aliniletea simu nione, akanikumbatia.

Wakwe waliondoka. Mahema yakabaki na familia tu, vijana wakila mabaki ya nyama. Mjukuu alinitazama, akaniashiria kwa kichwa. Nikaenda ukutani nikabonyeza ile swichi, na upande wa ngazi ukawa mweupe.

Mukecuru alitoka kwenye veranda na kitenge chake. Alikiweka kwenye kiti, akashuka ngazi moja moja bila kushikwa. Daktari alikuwa akizungumza na shangazi yake. Alimwacha katikati ya neno, akaja ukingoni.

"Mama, magoti yako."

"Magoti yako sawa," mukecuru alimjibu, akajiachia.

Hakuogelea vizuri. Kichwa alikiinua juu kama bata, na mikono ilipiga maji pande zote. Lakini alikwenda. Aliitoka ile nyeupe, akaingia kwenye rangi ya chungwa, na kwa muda tukawa tunaona kichwa tu kikisonga. Daktari alikuwa akitembea ukingoni sambamba naye, viatu mkononi. Mukecuru aliufikia ukuta wa upande wa pili, akaushika kwa mikono miwili, akageuka. Watu walipiga makofi. Daktari alichuchumaa, akaushika uso wa mama yake uliolowa, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Nani amekufundisha?"

Mukecuru alimwonyesha mjukuu wake kwa kidole, kisha akanionyesha mimi. "Huyu naye anajua kidogo. Miguu yake ni mizuri."

Wakati huo huo kumbikumbi wakaanza kufika. Mvua ya mchana ilikuwa imewatoa ardhini, na ile taa nyeupe ya ngazini iliwavuta wote. Walizunguka juu ya maji, wakaanguka, mabawa yakaelea kama maganda ya karanga. Zile taa za rangi ya chungwa hawakuzijali kabisa. Daktari alipiga ukelele, akaniomba nizime ile nyeupe haraka kabla bwawa halijajaa.

"Usizime," mukecuru alisema kutoka majini. "Lete beseni."

Binti yake akaanza kuelekea kwenye swichi mwenyewe.

"Mbarara tulikuwa tunawangoja mwaka mzima. Leo wamekuja wenyewe kwenye gusaba, na wewe unataka kuwafukuza?"

Beseni likaletwa, kisha la pili. Shangazi walipandisha mishanana yao mpaka magotini, wakaketi ukingoni wakichota. Mimi nilivua viatu nikaingia na nguo zangu za sherehe, nikamfuata mukecuru upande wa taa, tukawa tunawakusanya kwa viganja. Baadaye walikaangwa jikoni bila mafuta, kwa chumvi tu, na kuletwa kwenye sinia. Daktari alionja mmoja akiwa amefumba macho, akatafuna, akanyoosha mkono tena. Mume wangu, ambaye hali kumbikumbi, alijitengenezea chai na kwenda kuketi karibu na swichi, asije mtu akaizima.