Glenys Hepple Hayupo

Siku gazeti la London lilipotangaza kwamba Glenys Hepple hayupo, mwenyewe alikuwa bustanini akizipangusa liki zake, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, kwa maziwa, zing'ae. Mimi ndiye niliyempelekea habari. Nyumba zetu zimeshikana ukuta, na habari mbaya haikai kinywani mwangu.

Gazeti halikumtaja jina. Tamsin Robson, binti wa mtaani kwetu, alikuwa ametoa riwaya yake ya kwanza, na ndani yake yumo mwanamke anayeziogesha liki kwenye beseni la watoto, akazifunika taulo lililolowa, akazisukuma kwenye kigari cha mtoto hadi kwenye mashindano ya liki bora. Kijiji kizima kilijua ni nani. Tuliisoma sote, na lalamiko letu lilikuwa moja tu: Tamsin kapanda liki mwezi usio wake. Ya ulevi na fumanizi yaliyomo kitabuni tuliyaacha yapite.

Mhakiki, Piers Allardyce, hakuwa na ugomvi na mwezi. Aliandika kwamba lugha ya Tamsin ni tamu, ila yule mwanamke wa kigari hayupo na hawezi kuwapo. Ni dhihaka kwa watu wa kaskazini mwa Uingereza, ndio sisi. Alitutetea, maskini, bila kutuuliza.

Norman, mume wa Glenys, alicheka hadi akashika mlango. "Kama hupo, bibie, chai nani atanipikia?"

"Leo hakuna chai," Glenys akamjibu. "Sipo."

Tulitaniana hivyo wiki nzima, mpaka Tamsin alipopiga simu.

"Shangazi, nisamehe. Kitabu cha pili nakutoa. Wale watu wameniumiza."

"Unitoe niende wapi? Nimeshawatambia dada zangu wote kwamba nimo."

"Wahakiki hawakuamini kwamba upo, shangazi."

Glenys alipoweka simu alikuwa analia. Sijawahi kumwona Glenys akilia, hata mwaka ule liki zake zilipooza zote, na roho iliniuma. Mtu anaweza kuvumilia kuchekwa kitabuni. Kufutwa ni jambo jingine.

Septemba gazeti likamtuma Piers huku kwetu aone riwaya ilikotoka, na Tamsin akaja kumpokea. Mashindano hufanyika kwenye klabu ya wachimba makaa, na klabu ina ngazi. Mvua ilikuwa inanyesha. Piers akashuka kwenye teksi, akamwona mama mmoja anahangaika na kigari, akakimbia kukishika upande wa mbele. Sasa, kwetu ukikutana na kigari cha mtoto unamsifu mtoto kwanza, kumtazama baadaye. Piers alikuwa na adabu zake zote.

"Mtoto mzuri kweli," akasema, macho yakiwa kwenye ngazi. "Amefanana na wewe."

Sisi tuliokuwa mlangoni tukasogea tusikie vizuri.

"Ahsante, mwanangu," Glenys akasema. "Ni mapacha watatu."

"Watatu! Na usiku wanalala?"

"Wakishapata maji yao, hawana neno."

Ndipo Piers akainama na kufunua pembe ya taulo. Liki tatu, nene kama mikono ya mwashi, nyeupe pe. Akazitazama. Akamtazama Glenys. Uso ukamwiva mpaka masikioni.

"Wewe ndiye..."

"Mimi sipo," Glenys akasema. "Shika vizuri huko mbele, usije ukaniangushia watoto."

Tamsin alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi iliyolowa, na sote tukamfuata kwa kicheko, Norman akiwa wa kwanza kukosa pumzi. Liki zilitoka za pili, kwa sababu waamuzi wetu ni vipofu. Glenys hata hakuuliza. Tamsin alikuwa amemkumbatia akimwambia habari ya kutolewa imekwisha.

Kitabu cha pili kilitoka mwaka uliofuata. Glenys yumo tangu ukurasa wa kwanza, na yumo pia bwana mmoja wa London anayezisifu liki kwa kufanana na mama yao. Wahakiki wakasema kwa sauti moja: mwanamke wa kigari amejaa uhai, unaweza kumgusa. Lakini yule bwana, hapana. Mtu wa namna ile hayupo.

Jioni ile simu ya Glenys ikalia, nami nilikuwa jikoni kwake nikinywa chai.

"Bi Glenys," Piers akasema kinyonge, "wamesema sipo."

"Pole, mwanangu. Utazoea." Glenys akanikonyeza. "Njoo Septemba. Kigari kinataka mtu wa mbele."