Landrova ya Mkwe na Kinyumba cha Mgeni

Hapana, sikuingia mle kuiba. Nilijificha, maana kwetu mama mkwe hakai gari moja na mkwewe, na kile kinyumba si gari.

Mgeni mmoja alitafuta gari la kuvuta kinyumba chake cha magurudumu kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay. “Mama, gari gani guvu?” akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. Sefu mwenye duka akajipitisha na pikapu yake mpya: “Hii inanguruma kama simba, bibi.” Nikamwambia simba wako ataliwa na tope. Nawe mgeni, chukua Landrova ya mkwe wangu, hiyo imezoea magunia ya kahawa. Mkwe akapata kazi.

Mimi nami nilitaka kwenda ziwani kwa dada yangu. Nikapenya kinyumbani kimyakimya na magunia yangu ya mahindi na mkungu wa ndizi, nikavuta pazia.

Mlimani Landrova ikakohoa, ikarudi nyuma. Mkwe wangu maskini akafungua boneti. Mgeni akaanza kusema, “Labda ile pikapu.” Sefu, aliyetufuata makusudi na pikapu yake, akafungua mlango wa kinyumba aone kuna mzigo gani, akanikuta juu ya magunia nimejifunika kanga usoni.

Akageuka kwa mkwe wangu. “Funga boneti, bwana. Gari lako ni zima. Mzigo ni mama mkwe wako.”