Mzinga wa Televisheni

Wajukuu wangu wakija likizo hujaribu kunifundisha televisheni. Ati, Babu, sizoni mpya imetoka, hii ni ya mapenzi, hii ya wapelelezi, hii ya wafalme na majini, tukuwekee gani? Huwaambia waweke yoyote. Hadithi ambayo mtu anaimaliza kwa kikao kimoja, amelala kochini na njugu kifuani, hiyo kwangu ni majani ya ng'ombe. Anameza leo, kesho atacheua. Mimi hadithi yangu niliingojea, na niliingojea jirani yangu akiwa ameshika shoka.

Sikusoma mimi. Nilijua herufi za jina langu na namba za gia, basi. Lakini nilikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu upande wa barabara ya Turbo, na trekta niliijua kuliko mzungu alivyomjua mke wake. Uhuru ulipokuja na yule bwana akafunga masanduku, sisi wafanyakazi tukaungana na watu wengine, tukalinunua shamba lile. Wenye elimu walikuwa bado wanauliza kama inawezekana. Sisi tulikuwa tumeshalala ndani.

Shida ni kwamba tuligawiwa kwa kidole. Mzee wa kamati alisimama juu ya kichuguu akanyoosha mkono: wewe, kutoka hapa mpaka kwenye ule mti. Wewe, kutoka ule mti mpaka kule. Bikoni za mpaka zitawekwa seveya akija kupima. Tukaenda, tukajenga, tukalima. Sasa "mpaka kwenye ule mti" ni maneno gani? Mti uko ndani ama uko nje?

Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi mmoja mrefu kupita yote, na ulikuwa kati yangu na mtu aliyekuwa mkuu wa wachunga ng'ombe wa mzungu yuleyule. Mtu wa maneno machache. Chini ya mti ndipo njia ya ng'ombe wake ilipopita kuteremka mtoni. Mti ukiwa wangu, njia ni yangu, na yeye itambidi azungushe ng'ombe kilima kizima, apite katika mahindi ya watu, agombane na kila mtu kila asubuhi. Kwake ule haukuwa mti. Ulikuwa maji. Nililijua hilo, na hata hivyo nilisema mti ni wangu, kwa sababu kidole nilikiona kwa macho yangu.

Tulikaa hivyo bila vita kwa sababu hakuna aliyegusa mti. Kisha nikanunua televisheni.

Ya kwanza upande ule wote, na sioni haya kulisema. Niliinunua mjini kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye duka na malori. Alinifungia kwa blanketi, akaniambia, "Mzee, hii inakula betri ya gari. Lakini picha iko hewani, si ndani ya sanduku. Antena iende juu. Juu kabisa." Na juu kabisa ni wapi, kama si kwenye mkaratusi? Nilipanda mwenyewe, nikaifunga kwa waya wa seng'enge, nikateremsha waya wake mpaka dirishani kwangu.

Sasa sikiza. Mimi natoka upande mwingine, kwetu nyuki ni wadudu tu. Lakini jirani yangu ni mtu wa hii milima, na kwao mtu akitundika mzinga katika mti usio na mwenyewe, mti umeshaposwa. Hakuna atakayeugusa tena. Yeye mwenyewe alikuwa hajatundika mzinga pale, akimngojea seveya kwa heshima. Jioni akarudi na ng'ombe wake, akainua macho, akaona kitu cha chuma chenye mikono kimekaa juu ya mti.

Akaja kwenye ua.

"Dereva."

"Naam, jirani."

"Umetundika nini kwa mti?"

"Antena."

"Inafanya nini?"

"Inashika picha zikipita."

Akafikiri. "Kama mzinga unavyoshika nyuki."

"Ehe! Hivyo hivyo!" Nilifurahi, nikaona mtu wa ng'ombe ameelewa mitambo upesi. Kumbe nimejishtaki mwenyewe, na shahidi ni mimi.

Akatema mate kando. "Sawa. Umesema kwa mdomo wako."

Tangu siku hiyo hakunisalimia. Watu walijaa nyumbani kwangu kila jioni, lakini yeye hakukanyaga. Nilijua sababu. Mtu aliyekunywa chai yako hawezi kusimama mbele ya watu akaapa dhidi yako, na yeye alikuwa akitunza mdomo wake ukiwa mkavu kwa siku ya seveya. Mama yake mzazi ndiye aliyekuja. Sote tulimwita Gogo, yaani nyanya. Alikaa kwenye mkeka, nyuma ya watu, akasema, "Mimi sina shamba. Mdomo wangu ni wa chai."

Mkitaka kujua ya kutazama yalikuwa gani, nitawaambia, na sitawadanganya kama magazeti. Kulikuwa na ya makauboi. Farasi wazuri, bunduki nyingi, lakini wanaume wale walipigania ng'ombe ambao hatukuwaona wakikamuliwa hata siku moja. Gogo aliuliza, "Hawa watoto wao wanakunywa nini?" Kulikuwa na ya polisi wa ng'ambo, Kizungu chao kinakimbia kama panya darini. Mke wangu alitutafsiria kwa kuangalia nyuso tu: huyu anadanganya, huyu ameiba, huyu anampenda. Na hakukosea sana. Kulikuwa na vichekesho vya mtu aliyejifunga mto tumboni, hivyo vilikuwa vya watoto.

Lakini ule mchezo wa mjane ndio uliotufunga kamba. Ulikuwa kwa Kiswahili. Mjane ameachiwa shamba, shemeji yake analitaka, kila wiki shemeji anakuja na ujanja mpya, na kila wiki tukifika pale pa moto, mtangazaji anatokea na tai yake: itaendelea. Watu walirudi makwao wakigombana njiani. Vijana walisema usiogope, Gogo, staringi hafi. Gogo akawajibu, "Kufa si neno. Atakula wapi?"

Kamati ikatangaza kwamba seveya atafika Jumatatu. Na mtangazaji naye alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi hiyo mjane atasimama mbele ya hakimu.

Jumamosi jioni, jua likiwa bado kwenye vilele vya mahindi, nyumba yangu ilijaa mpaka mlango ukakataa kufungwa. Mjane akasimama kizimbani na kitambaa chake kichwani. Hakimu akavaa miwani. Halafu picha ikaruka.

Ikatulia. Ikaruka tena. Kila ikiruka, uso wa mjane ulijaa vitu vyeupe kama unga unaochekechwa, na kidogo nyuma yake ikaja sauti kutoka nje: ko. Picha ikaruka. Ko. Tukaelewa sote kwa pamoja. Tulikuwa tunaona shoka ndani ya televisheni.

Nikachukua panga nyuma ya mlango. Mke wangu akanishika shati, shati likachanika, nikatoka na nusu yake. Wanaume wengine wakanifuata, na nilisikia kwa pumzi zao kwamba hawakutoka kuamua ugomvi. Wengine walikuwa wangu, wengine wake.

Alikuwa pale, amevua koti, shoka limeshaingia katika mti upana wa kiganja. Akaniona na panga. Akaliinua shoka, na sitasema alikuwa analiinulia mti ama mimi, kwa sababu hata yeye nadhani hakujua.

"Teremsha mzinga wako," akasema.

"Kata uone."

"Mama yenu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Gogo. Alikuja akisukuma watu kwa fimbo, blanketi linaburuta majani, amekasirika kuliko sisi wote. Akamwendea mwanawe moja kwa moja, chini ya shoka.

"Unamtikisa mjane!"

"Mama, rudi nyumbani. Huyu ametuchukulia maji."

"Maji yako yatakuwa hapo kesho. Hakimu amevaa miwani sasa! Wacha nisikie kama atapewa shamba, halafu ukate mti, ukate na huyu mjinga mwenzako, ukate na mimi. Lakini baadaye!"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Jirani yangu akabaki na shoka hewani. Sijawahi kuona mtu mzima akiaibika namna ile. Akalishusha polepole, akaliacha limekwama palepale kwenye kidonda cha mti. Gogo akageuka, "Haya, twendeni," na tukarudi ndani, mimi na panga langu kama mtoto aliyeitwa kula.

Yeye hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, pua yake karibu na kioo. Hakimu akakohoa. Akapanga karatasi. Akafungua mdomo.

Tai ya mtangazaji ikatokea. Mchezo wetu utaendelea msimu ujao.

Nyumba ililia kama imefiwa. Na kutoka dirishani, jirani yangu akauliza neno lake la kwanza lisilo la ugomvi tangu siku ya antena:

"Msimu upi? Wa kupanda ama wa kuvuna?"

Tukatazamana. Kwetu hakuna msimu mwingine. Mimi, kwa kuwa televisheni ni yangu, nikajibu kwa nguvu, "Wa kupanda."

"Basi. Jumatatu seveya akikupa huo mti, nitaumaliza mbele yake. Mjane atanisamehe."

Akaenda. Shoka likabaki kwenye mti.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa nje nikilitazama shoka. Kila aliyepita njiani alilitazama pia, na hakuna aliyelichomoa. Ndugu zake walikuja kwake mmoja mmoja. Marafiki zangu walikuja kwangu, wakanoa panga zao kwenye jiwe langu bila kuniomba. Mke wangu alifunga nguo za watoto katika shuka akaziweka karibu na mlango.

Mchana akaja Gogo, kama kawaida yake, kuuliza kama hakimu hajasema. Nikampa chai.

"Gogo," nikamwambia, "kwenu mtu akitundika mzinga kwa mti wa mwenzake, mti wenye mwenyewe, sheria inasema nini?"

Akapuliza chai. "Kama aliomba, mwenye mti hawezi kuukata. Mti umebeba mgeni. Na sega la kwanza ni la mwenye mti. Kwani nyinyi kwenu hamjui kitu?"

"Hatujui."

"Ndiyo maana mnapenda trekta."

Jumatatu seveya akaja, kijana mwenye kofia pana na kile kifaa chake cha miguu mitatu. Watu walikuwa wamejipanga pande mbili bila kuambiwa, na kila upande mikono iko ndani ya makoti. Seveya hakuona kitu, alikuwa anatazama ndani ya bomba lake. Akaja mpaka kwenye mti, akaliona shoka, akainua macho akaiona antena.

"Huu mti ni wa nani?"

Jirani yangu alipumua kwa nguvu. Nikasema kwanza, nikamwangalia yeye, si seveya.

"Mti ni wake. Mzinga ndio wangu. Nilitundika bila kuomba, na sasa ninaomba."

Upande wangu wakanung'unika. Mmoja akaniita mwanamke. Nilimjua, nami bado ninamjua. Watu husema nilifanya hivyo kwa huruma. Uongo. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu juu ya kiti Jumapili nzima: mti ukiwa wangu, mtu mwenye kiu ataukata siku yoyote nikiwa mjini. Ukiwa wake, ataulinda kuliko mbwa. Mimi nilitaka picha, yeye alitaka maji, na ni mimi peke yangu niliyelitambua hilo kabla damu haijamwagika. Shule gani ingenifundisha?

Jirani yangu akauendea mti. Akashika mpini wa shoka, na wanaume wakasogea. Akalitikisa, akalichomoa, akalitupa kwenye nyasi.

"Sega la kwanza?" akauliza.

"Kiti cha mbele," nikasema. "Cha Gogo. Kila jioni, hata nyumba ikijaa wageni."

Gogo akapiga fimbo chini. "Na mto wa mgongo."

"Na mto."

Seveya akauliza, "Hawa wazee wanaongea nini?" Hakuna aliyemweleza. Bikoni ikawekwa upande wangu wa mti, na ng'ombe wakapita kwenda mtoni siku hiyohiyo.

Mvua ikaja, tukapanda. Mjane hakuja. Waliweka mieleka. Jirani yangu alikuwa akisimama dirishani kila Jumamosi, "Dereva, si ulisema wa kupanda?" Tukapalilia, tukawekelea mbolea, mahindi yakabeba, watu wakaanza kuniita mwongo mbele ya watoto wangu. Tukavuna. Na jioni moja, magunia yakiwa bado uwanjani, ikalia ile ngoma ya mchezo wa mjane, na watu wakaja mbio kutoka mashambani wakiwa na mabua nywelani.

Gogo alikuwa kwenye kiti chake. Mwanawe akaja dirishani, akasimama. Gogo hakugeuka.

"Ingia. Hapo unasimama kama mwizi."

Akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza. Alikaa ukingoni mwa benchi, magoti pamoja. Mke wangu akampa kikombe cha chai, akakipokea kwa mikono miwili, hakunywa. Akakishikilia hivyo, mvuke ukimpanda usoni, macho yake kwa hakimu. Mimi sikumtazama hakimu. Nilikuwa natazama kikombe.

Hakimu akavaa miwani, akakohoa, akapanga karatasi. Akasema kesi imeahirishwa, mpaka seveya akatazame mpaka.

Kisha jirani yangu akatoa sauti kama ng'ombe aliyekabwa, na ikachukua muda kabla hatujajua kwamba anacheka.

"Mwambieni aulize mti ni wa nani," akasema, akanywa chai.