Nukta Niliyoifuta

Kwetu mgeni haondoki bila kula. Ukifika nyumbani kwa Mhaya, hata kama ulipita tu kuuliza njia, utakalishwa, utamenyewa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na utangoja hadi ziive. Kila mtu wa Kagera anajua hilo. Mimi kwa kulijua sana nilimkosea mtu mmoja kosa ambalo mtafiti aliyetoka mbali asingelifanya, maana yeye angeuliza kwanza.

Naishi Kitendaguro, hapa Bukoba mjini, na kazi yangu ni kuchambua takwimu za kinga ya mwili. Watu wakiniuliza hasa nafanya nini, huwa najibu kwa maringo kidogo, sikatai. Zamani mtafiti alichukua aina moja ya chembe za damu akaitazama maisha yake yote. Sisi tunapima mamia ya vitu kwa mpigo katika damu ya mtu mmoja, tukifanya hivyo kwa watu wengi, halafu tunaiachia kompyuta itafute jinsi vitu vyote hivyo vinavyoshirikiana. Mwishowe kila mtu anakuwa nukta moja kwenye picha. Wenye kinga zinazofanana, nukta zao hukaa jirani. Mimi damu yenyewe siioni, wala sura ya mtu. Naona mistari ya namba, na kila mstari una namba ya siri ya mwenye damu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa wazee. Tulitaka kujua kwa nini chanjo ileile humpa mzee mmoja kinga nzuri na mwenzake ikampa kidogo tu. Nesi wa mradi alipita nyumba kwa nyumba huko Muleba, upande wa Rubya, akitoa damu na kuipanga kwenye kisanduku chenye barafu. Kila mzee alipewa kadi yenye namba yake, pamoja na ahadi: tukiona jambo lisilo la kawaida katika damu yako, tutakupigia simu. Ahadi hiyo naijua neno kwa neno. Kiswahili chake nilikisahihisha mimi.

Siku chache kabla matokeo ya Muleba hayajanifikia, tulikuwa na kikao cha mtandaoni. Mwenzangu mmoja aliyeko Dar es Salaam akatania, "Dada, damu za kwenu zinafika zimeshaiva. Kwani mnazivundika?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini moyoni nilichemka. Nina hasira za karibu, na ukinigusia kwetu ndiyo kabisa, sioni wala sisikii.

Basi matokeo yakaja, nikachora picha. Nukta zilikaa vizuri pamoja, isipokuwa moja iliyokwenda zake pembeni, mbali na nyingine zote. Damu ya mtu huyo ilijaa chembe nyeupe za aina moja, nyingi mno, zote zinafanana. Nikatazama saa zilizoandikwa kwenye sampuli. Ilitolewa asubuhi na mapema, ikafika maabara jioni.

"Aa," nikasema peke yangu. "Nesi kakalishwa mezani."

Nilimwona kabisa akilini mwangu: kisanduku kimeachwa uani, jua linakipiga, na yeye ndani anaongezewa maharage asiyoweza kuyakataa. Nikakasirika na watu wangu mwenyewe. Hivi sisi na ukarimu wetu huu tutaacha lini kujiaibisha? Nikaufuta ule mstari. Kwenye orodha ya zilizoondolewa nikaandika ile namba, na mbele yake: sampuli imeharibika njiani.

Kanuni ilinitaka nimpigie nesi kwanza. Namba yake ninayo kwenye simu mpaka leo. Sikupiga, kwa sababu sikutaka jibu ambalo lingemfikia yule wa Dar es Salaam akapata la kuchekea. Wala sikutazama damu za nyumba nyingine zilizosafiri ndani ya kisanduku kilekile siku ileile. Zote zilikuwa nzima. Ningezitazama ningeona, na isingenichukua hata dakika mbili. Picha ikapendeza, mkuu wa mradi akanisifu mbele ya wote, nami nikavimba kichwa.

Mwaka ukapita. Shangazi yangu, dada wa baba, anaishi jirani na Rubya. Ni mjane, na kibanja chake cha migomba ni kisafi kuliko sebule yangu. Mwaka ule wote aliugua ugua. Leo homa, kesho kifua, keshokutwa anatokwa jasho hadi shuka zinalowa. Akipiga simu nilimjibu kwa sauti ya kitaalamu: pumzika, shangazi, kunywa maji mengi, kapime malaria. Alinisikiliza kwa heshima kana kwamba mimi ni daktari. Vivimbe vilipomtokea shingoni ndipo nilipomchukua nikampeleka hospitali.

Daktari alimpima, akatuita, akatueleza taratibu kwamba ni saratani ya damu, ile inayowapata zaidi wazee na kuanza polepole.

"Hii imekaa muda, mama," akasema. "Hujawahi kupimwa damu?"

Shangazi akachangamka. "Nilipimwa, waitu daktari! Watu wa utafiti walikuja mpaka nyumbani. Walisema wakiona jambo watapiga simu. Hawakupiga, nikajua mimi mzima. Ndiyo maana homa hizi sikuzihangaikia."

Akafungua mkoba, akatoa kitabu chake cha nyimbo za kanisani, na humo ndani akatoa kadi. Alikuwa ameitunza. Hakuwahi kuniambia kwamba alitoa damu. Alichojua ni kwamba mimi nafanya kazi za kompyuta, basi.

Nikaisoma namba. Namba za wengine siwezi kukutajia hata moja, lakini ile niliijua, kwa sababu niliiandika kwa mkono wangu kwenye orodha ya zilizoharibika. Mawe, mama yangu! Daktari akauliza kama nimeelewa, nikaitikia kwa kichwa, nikamrudishia shangazi kadi yake. Nilimshika mkono tukatoka, na watu pale nje wakamwambia ana bahati ya kuwa na mtoto anayemjali.

Kumwandikia mkuu wa mradi kuhusu kosa langu hakukuwa shida. Kuna lugha ya ofisini ya mambo kama hayo, unajificha ndani yake. Lakini shangazi nilimkwepa wiki mbili nzima. Nilimtumia dawa, nikamtumia sukari, nikamtumia kila kitu isipokuwa maneno.

Jumamosi moja nikaenda. Nilipiga magoti kumsalimu kama ilivyo kwetu, na baada ya salamu sikuinuka. Nilimwambia yote pale chini: kwamba damu yake ilikuja kwangu, kwamba ugonjwa ulionekana siku ile, na kwamba niliufuta mimi.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilidhani nesi alikaa kula hapa, damu ikaharibika."

Kisha akasema, "Hakula."

"Shangazi..."

"Nilimsihi, hakula. Mimi nilikuwa wa kwanza siku hiyo, alikuwa na nyumba nyingi za kuzunguka. Alisema akikaa, damu za watu zitaharibika. Nikamfungia ndizi kwenye jani, akaondoka nazo." Akanitazama. "Ungeniuliza mwana wange. Mtu mwenyewe nipo."

Nililia, nikaona aibu hata ya kulia, maana mgonjwa ni yeye. Aliniambia niinuke, magoti yataniuma. Kisha akataka nimwonyeshe.

Nikafungua kompyuta juu ya mkeka. Mstari wake nilikuwa nimeshaurudisha. Nikafungua picha ya zamani kwanza, ile iliyosifiwa, halafu mpya. Nukta yake ikatokea pembeni, mahali palepale. Shangazi akavaa miwani, akasogea.

"Hizi nyingi ni akina nani?"

"Majirani zako. Majina siyajui."

"Na mimi ndiyo hii hapa, peke yangu?"

"Ndiyo, shangazi."

Akaweka kidole juu ya kioo. Vidonge alikuwa ameshavianza, na daktari hakutuahidi kitu.

"Mwaka mzima nilijua niko huku na wenzangu," akasema, akionyesha zile nyingi.

Akavua miwani, akaenda jikoni kumenya ndizi. Nikamfuata, nikamwomba kisu nimenye mimi, akakataa kunipa. Akasema leo mimi ni mgeni.