Kreti ya Fanta na Binti wa Amani

Binamu yangu aliniapia kwamba sheria ya wafalme wa kale bado ipo Ubelgiji: wakubwa wakigombana, amani huletwa kwa kumwoza binti wa miaka saba. Niliyameza maneno hayo mazima, bila hata maji. Juzi niliona kanisani kaburi la malkia aliyeozwa utotoni, nikakumbuka alasiri moja nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu Anderlecht, mtaa wa Bruseli. Baba na ndugu yake, tonton Saidi, walikuwa hawasemezani mwaka mzima. Ghafla tonton akaingia na kreti ya Fanta, kama wanavyokuja waposaji. Dada yangu Zuhura alikuwa na miaka saba. Pilau ilinukia, nami nililia machozi ya kujaza mfereji wote wa Bruseli, nimevikumbatia viatu vyake asiondoke. Maman akainama.

“Bon, mutoto, tonton amekuya kuomba musamaha tu. Hakuna muntu wa kuolewa hapa.”