Kibao Chekundu cha Mzee Mapunda

Katika mji mzima wa Songea kuna fundi mmoja tu wa injini za treni, na treni hakuna hata moja. Reli tunaisikia redioni. Inapimwa, inachorwa, inasifiwa, kisha inarudi kulala hadi mwaka mwingine. Mzee Polycarp Mapunda wa Mfaranyaki hilo halimnyimi usingizi. Yeye alishaishi na treni miaka thelathini na mmoja, huko mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, katika karakana yenye mashimo matatu marefu ambayo injini husimama juu yake na mafundi huingia chini. Alipostaafu alirudi nyumbani na redio ya zawadi, cheti cha utumishi mwema, na maneno ya kutosha kumaliza uzee wake.

"Ninyi mnadhani dizeli ndiyo inayozungusha magurudumu," alikuwa akiwaambia watu dukani kwa Jumanne. "Wapi! Dizeli inazalisha umeme tu. Umeme ndio unakwenda kwenye mota sita zilizofungwa chini, kila ekseli na mota yake. Kazi yote iko chini, mahali ambapo wakubwa hawainami."

Kisha, kila siku ya Mungu, ikifika saa nne asubuhi, aliinua mkono akatazama saa yake. "Saa hizi Arobaini na Saba inapanda mlima na mabehewa ya mbolea."

Arobaini na Saba ilikuwa injini aliyoifumua na kuifunga upya katika mwaka wake wa mwisho kazini. Wengine wana shamba la kahawa, wengine wana mtoto padri; Polycarp alikuwa na Arobaini na Saba. Jumanne, ambaye hajawahi kuona treni ila kwenye kalenda, alikuwa ameshaikariri ratiba yake, na wateja wakichelewa kuelewa yeye ndiye aliyewafafanulia.

Riziki ya mzee ilikuwa mashine za kusaga. Alizitengeneza vizuri mno, ila alikuwa na adabu zake. Kabla hajagusa nati alitundika kwenye swichi kibao chekundu chenye jina lake, mashine isiwashwe yeye akiwa kazini, na kibao hicho hakuna aliyeruhusiwa kukiondoa isipokuwa yeye. Kuna siku pale Mjimwema alikitundika, akaenda kula, akapitiwa na usingizi. Akina mama walikaa na ndoo zao za mahindi mpaka saa kumi. Walimsema, lakini hakuna aliyekigusa, kwa sababu walijua kisa cha Aidan.

Aidan alikuwa rafiki yake wa karakanani. Siku moja alikuwa shimoni, chini ya injini, na kibao kikining'inia pale juu kwenye swichi ya kuwashia. Msimamizi mmoja mwenye haraka akaona kimesahauliwa, akakitoa, akaamuru injini isogezwe. Aidan alitolewa kwa machela na hakufika hospitali. Polycarp alipigana na ofisi miaka miwili hadi sheria ikaandikwa: kibao kitaondolewa na aliyekitundika, basi. Mkubwa mmoja akauliza, na mwenyewe akifa je? Polycarp, kwa hasira, akajibu kwamba basi waletewe cheti cha kifo. Wakaandika na hilo.

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi asubuhi moja, saa nne na dakika kumi, Arobaini na Saba ikiwa imeshapandishwa mlima kama kawaida, binti mmoja aliyejitanda mtandio, na faili kwapani, alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, binti."

"Mimi naitwa Nasrin, mhandisi kutoka karakana ya treni. Naomba kuelekezwa nyumbani kwa marehemu Mzee Polycarp Mapunda."

Jumanne aliacha sukari imwagike nje ya mizani.

"Marehemu ni mimi," akasema Polycarp. "Karibu chai."

Yule binti alitamani ardhi ipasuke. Aliomba radhi mara nne. Alieleza kwamba ofisi ilimtafuta mzee kwa barua na kwa simu, simu haipatikani, barua zinarudi, mwishowe ikamhesabu miongoni mwa waliotangulia. Ofisi inayomlipa pensheni ilijua vizuri sana kwamba yu hai, lakini ofisi hizo mbili hazisalimiani. Yeye alikuwa ametumwa kuiomba familia cheti cha kifo.

"Cha nini?"

Nasrin akafungua simu, akamwonyesha picha. Injini imesimama shimo la pili, vumbi tupu. Kwenye swichi kinaning'inia kibao chekundu kilichopauka, na mwandiko ni wake mwenyewe: P. MAPUNDA YUKO CHINI.

"Injini gani hii?" akauliza, ingawa namba ilikuwa pale pale ubavuni, kubwa kuliko kichwa chake.

"Arobaini na Saba, mzee. Haijasogea tangu siku uliyostaafu. Kwa mujibu wa daftari letu, mpaka leo uko chini yake."

Miaka tisa. Jumanne alitazama saa ya ukutani, kisha akaanza kuzoa sukari taratibu, punje kwa punje. Huruma hiyo ilimchoma Polycarp kuliko kama angechekwa.

Nyumbani, mkewe Asumpta aliandaa ugali na dagaa wa Nyasa, na habari yote ikarudiwa. Nasrin alisema mkurugenzi mmoja aliwahi kuja na koleo ili akate kile kibao. Mafundi wakasimama mbele yake wote, hata vibarua, kwa sababu kila anayeajiriwa pale hufundishwa habari za Aidan wiki ya kwanza. Mkurugenzi akarudisha koleo. Ila kibao kilisema tu kwamba mtu yuko chini, hakikusema vya juu visiguswe. Betri zikaondoka, rejeta ikaondoka, kiti cha dereva kikaenda nyumbani kwa mtu. Sasa injini imeuzwa vyuma chakavu, mnunuzi anasubiri, na haiwezi kukatwa mpaka Mapunda atoke.

"Siendi," akasema Polycarp. "Kibao kikiwa pale, ile bado ni injini. Nikikitoa, ni vyuma."

Alikuwa amesema kweli, na walijua hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake ofisi nzima ilikuwa inamngoja yeye. Nasrin akatazama sahani yake.

"Baba Evaline," akasema Asumpta, "kama uko chini ya treni miaka tisa, huyu anayemaliza dagaa zangu ni nani?"

Hakucheka. Mkewe akasogeza kiti.

"Sikiliza. Wewe ukifa, hicho cheti watanifuata mimi. Mimi ndiye nitakayekwenda kukutoa, na kilio juu. Hivyo ndivyo unavyotaka? Nenda ukatoke mwenyewe, miguu ingali ipo."

Kesho yake alfajiri Polycarp alipanda basi na Nasrin. Alivaa ovaroli yake ya zamani ndani ya koti la Jumapili.

Walifika usiku. Asubuhi yake, karakanani, vijana walijipanga. "Shikamoo, mzee. Shikamoo." Hakumjua hata mmoja, lakini wote walilijua jina lake, maana walikuwa wakilisoma kila walipopita shimo la pili. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekaa juu ya mitungi yake ya gesi, anatikisa mguu.

"Toa tu, mzee, tumechelewa."

"Hakitolewi kabla hakujakaguliwa chini," akajibu.

Akavua koti, akashuka ngazi kwa kushikilia kuta, sitini na tisa zake zikilia magotini, akamulika tochi. Mota ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Alipofika ya tano alisimama muda mrefu. Bolti tatu zilikuwa zimekazwa. Ya nne ilikuwa imeshikizwa kwa vidole tu.

Hapo akaikumbuka siku ile. Walimwita kutoka juu kwamba pilau inapoa na mgeni rasmi amefika. Akajisemea atarudi kumalizia. Kisha hotuba, redio, picha, gari la kumpeleka stendi; bolti na kibao vikasahaulika. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Yeye, aliyewasema wenye haraka maisha yake yote! Na kama wale vijana wangemdharau, wakakitoa kibao na kuiwasha, mota ile ingedondokea reli na dereva wa watu akiwa juu.

"Nipeni spana," akasema kutoka shimoni. "Na mafuta ya kulainisha."

"Mzee," mnunuzi akainama, "hiyo mota naikata mchana huu huu."

"Nimesikia."

Kutu ilikuwa imekula kila kitu. Alimwagia mafuta, akangoja, akaizungusha, ikagoma, akamwagia tena. Ilimchukua karibu saa nzima. Hakuna kijana aliyethubutu kujitolea kumsaidia, wala aliyeondoka. Alipomaliza akamwita mhandisi akague, kwa kuwa fundi hajikagui mwenyewe. Nasrin akakunja mtandio, akashuka na viatu vyake safi, akaigonga bolti ya nne kwa nyundo na kusikiliza.

"Imekaza, mzee."

Wakapanda juu. Polycarp akafungua waya wa kibao kwa vidole vyake, akakitia mfukoni, akatangaza kwa sauti, kama desturi ya pale inavyodai, ili karakana nzima isikie:

"Mapunda ametoka!"

"Ametoka!" wakaitikia wote.

Mnunuzi akawasha gesi, akaanza na mota ya tano.