Marashi Yana Mwenyewe

Mchezo ule wa kompyuta ulinifunza wizi. Kila nilichokiona katika kijiji chake cha mashetani nilikibofya, nikakitia mfukoni: funguo, kamba, hata jino la maiti. Kisha nikafika mzimuni, penye chupa ya marashi kama zile watu wanazowaachia mizimu kule mnara wa Mbaraki. Kidole kikakataa.

Mama, aliyekuwa nyuma yangu akikuna nazi, akaacha kukuna.

"Hiyo ina mwenyewe, mwanangu."

"Ni picha, Mama!" nikafoka. Bila chupa ile mchezo hauendelei. Nikabofya.

Mama akavaa buibui, akatoa chupa yake ya marashi kabatini, akanitia mkononi.

"Twende Mbaraki ukairudishe."

Nami, mtu mzima mwenye ndevu, nikatafuta viatu.